DEMOSTHENES: ZAIDI YA KOKOTO MDOMONI

Kila mara tunapoandaa mjadala ukumbini, hakosi mtu wa kusimama akamtaja yule Mgiriki wa kale aliyejaza kokoto mdomoni ili ajifunze kuzungumza. Makofi yanapigwa, na hadithi inaishia papo hapo. Hata mimi niliwahi kuitaja. Siku hiyo nilichekwa na ukumbi mzima, kwani herufi r hunipiga chenga. Nilikusudia kusema rai yangu, ikatoka lai yangu. Nikaketi. Baadaye nikaamua kumtafuta huyo Mgiriki vitabuni nijue habari zake kamili, na kumbe kokoto ni kipande kidogo mno cha maisha yake. Huyu ni mtu aliyewashawishi wananchi wenzake waingie vitani. Waliingia, wakashindwa, wakafa watu 1,000 na zaidi. Miaka minane baadaye akasimama mbele ya watu wa mji ule ule kutetea ushauri wake, nao wakampa ushindi mkubwa. Hapo ndipo nilipotaka kujua: aliwaambia nini?

Jina lake ni Demosthenes. Alizaliwa mwaka wa 384 K.K. katika mji wa Athens, Ugiriki. (Msomaji asisahau kwamba miaka ya K.K. huhesabiwa kinyumenyume, hivyo 384 hutangulia 322.) Baba yake naye aliitwa Demosthenes, na alikuwa tajiri. Alikuwa na karakana mbili: moja ya kutengeneza visu na panga, yenye watumwa zaidi ya 30, na nyingine ya vitanda yenye watumwa 20. Naam, watumwa. Athens inayosifiwa kwa demokrasia ilisimama juu ya jasho la watu wasiokuwa na sauti yoyote katika mikutano yake, na wanawake na wageni pia hawakupiga kura. Nalisema hili mapema tusije tukalewa sifa huko mbele.

Baba huyo alifariki mtoto akiwa na miaka saba, na dada yake miaka mitano. Aliacha wosia uliopangwa vizuri sana kwa macho ya marehemu. Wasimamizi walikuwa watatu: Aphobus mpwa wake, Demophon mtoto wa ndugu yake, na rafiki wa siku nyingi aliyeitwa Therippides. Aphobus alipewa mina 80 amwoe mjane. Demophon akapewa talanta mbili amwoe yule binti atakapokua. Therippides naye aliachiwa faida ya mina 70 mpaka kijana atakapokuwa mtu mzima. Talanta moja ilikuwa mina 60, yaani drakma 6,000, na fundi wa siku zile alipata drakma moja au mbili kwa siku. Kwa hiyo si pesa za kununulia chumvi hizi! Kila mmoja alichukua fungu lake mara moja, lakini Aphobus hakumwoa mjane wala Demophon hakumwoa binti. Mali yote, kwa hesabu ya Demosthenes mwenyewe, ilikuwa karibu talanta 14. Alipofikisha umri wa miaka 18 alikabidhiwa nyumba, watumwa 14 na mina 30 za fedha, vyote pamoja kiasi cha mina 70. Hata walimu wake, anasema, hawakulipwa karo. Visa vya yatima na jamaa wenye tamaa tunavisikia hata huku kwetu, na vyote hufanana.

Kijana angefanya nini? Athens haikuwa na wakili wa kukusemea kama tunavyojua leo. Mwenye kesi alisimama mwenyewe mbele ya mamia ya wananchi waliochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, akasema huku chombo cha maji kikidondoka kando yake. Maji yakiisha, muda wako umekwisha. Kisha walipiga kura bila kujadiliana. Asiyejua kusema aliweza kunyang'anywa mali yake mchana kweupe na sheria ikiwa upande wake. Demosthenes alijifunza kwa Isaeus, bingwa wa kesi za mirathi, na mnamo mwaka wa 364 K.K., akiwa na miaka 20 hivi, akamshtaki Aphobus. Hotuba za kesi hiyo zingalipo hadi leo. Anachukua kitu kimoja baada ya kingine: pembe za ndovu na chuma vilivyokuwa karakanani, mbao, vyombo vya nyumbani, dhahabu ya mama yake, fedha zilizokopeshwa watu, kila kimoja anauliza kilikwenda wapi, kisha anamwita shahidi. Alishinda, akaamuliwa alipwe talanta kumi. Lakini Aphobus alikuwa ameshaificha mali kwa shemeji yake Onetor, ikabidi naye ashtakiwe. Mwishowe Demosthenes alipata sehemu ndogo tu ya urithi wake. Hata hivyo alitoka mahakamani na kitu ambacho hakuna mlezi angeweza kukitafuna.

Kuna kisa kingine cha ujana wake ambacho mwandishi Plutarch, aliyeishi zaidi ya miaka 400 baadaye, ametuhifadhia. Demosthenes alipokuwa bado mvulana, mtumishi aliyemwangalia alimpenyeza mahakamani siku ya kesi ya mwanasiasa mashuhuri aitwaye Callistratus. Mtu huyo alijitetea mpaka akaachiliwa, na umati ukamsindikiza nyumbani kwa shangwe. Mvulana alitazama, na kuanzia hapo michezo ya wenzake ikampotea. Sijui kama alipata pia kufikiria mwisho wa Callistratus, kwa maana miaka michache baadaye wananchi hao hao walimhukumu kifo, akakimbia, na aliporudi wakamuua.

Sasa tufike kwenye kokoto. Mara ya kwanza Demosthenes alipohutubia mkutano wa wananchi, alizomewa. Sauti yake ilikuwa nyembamba, pumzi ilimkatika katikati, na sentensi zake zilikuwa ndefu na zenye kupindana hata wasikilizaji wakapotea njia. Aidha, inasemekana hakuweza kuitamka sawasawa herufi r. (Mnaonicheka, mnasikia?) Tangu utotoni walikuwa wamempachika jina la utani la kumdhihaki. Basi siku hiyo alitembea hadi bandarini akiwa amejiinamia, akakutana na mzee mmoja aitwaye Eunomus aliyemkemea kwa kukata tamaa. Siku nyingine, mwigizaji wa tamthilia aliyeitwa Satyrus alimtaka akariri kipande cha mchezo wa kuigiza. Alipomaliza, Satyrus alikirudia kipande kile kile, kikawa kama kitu kingine kabisa. Ndipo Demosthenes alipoelewa kwamba maneno mazuri yakisomwa vibaya hayana faida. Alipoulizwa jambo la kwanza katika hotuba, alijibu kwamba ni namna ya kuitoa. Akaulizwa la pili, akajibu lile lile. La tatu, lile lile.

Alichimba chumba chini ya ardhi, akawa anashinda humo akifanya mazoezi ya sauti na ishara za mikono. Nyakati nyingine alinyoa upande mmoja tu wa kichwa ili aibu imzuie kutoka nje kwa miezi miwili au mitatu. Alizungumza na kokoto mdomoni, alikariri mashairi akipanda mlima mbio, na mbele ya kioo kikubwa alijitazama. Hadithi nyingine yasema alikwenda ufukoni Phaleron kushindana na kishindo cha mawimbi, kwa sababu umati wa Athens ulikuwa na kishindo kama hicho. Plutarch anasema habari za mazoezi hayo zilitoka kwa mtu aliyezisikia kinywani mwa Demosthenes mwenyewe alipokuwa mzee. Pengine alitia chumvi kidogo. Nani asiyefanya hivyo akisimulia ujana wake?

Jambo moja ambalo wanaosimulia kokoto hulisahau ni kwamba hakupenda kusema bila kujitayarisha. Wapinzani wake walimcheka kwamba hoja zake zinanuka mafuta ya taa, yaani amekesha akiziandika. Alikubali bila haya. Hata nasi katika mijadala yetu humsifu sana anayeropoka papo kwa papo, na tunamdharau mwenye karatasi. Demosthenes angekuwa upande wa mwenye karatasi.

Kwa miaka kadhaa alijipatia riziki kwa kuwaandikia watu wengine hotuba za kesi. Hapa, wapenzi wasomaji, pana doa. Katika mgogoro wa mali ya tajiri mmoja wa benki, alimwandikia hotuba mshtakiwa Phormio. Adui yake Aeschines alimlaumu baadaye kwamba alimwonyesha hotuba ile mpinzani wa Phormio, na miongoni mwa maandishi yanayohesabiwa kuwa ya Demosthenes imo pia hotuba iliyoandikwa kwa faida ya mpinzani huyo. Nani ajuaye yote yaliyopita kati yao? Lakini mtu anayejua kuuza maneno hushukiwa daima, na shuka hilo alijifunika maisha yake yote.

Mkutano wa wananchi ulifanyika kwenye kilima cha Pnyx, nje chini ya jua, mara 40 kwa mwaka. Mambo mengine makubwa yalihitaji kura zisizopungua 6,000. Mtangazaji aliuliza ni nani anataka kusema, na mwananchi yeyote angeweza kupanda jukwaani. Hakukuwa na chama cha siasa cha kukuunga mkono wala kipaza sauti. Pendekezo lako lilipita au lilianguka kwa nguvu ya maneno yako siku hiyo, na likileta hasara ungeweza kushtakiwa kwa ajili yake.

Wakati huo huo, kaskazini, Philip alishika ufalme wa Makedonia mwaka wa 359 K.K. Wagiriki wengi waliidharau nchi ile. Philip alikuwa amewahi kushikiliwa mateka mjini Thebes alipokuwa kijana, akajifunza vita huko. Alilifanyia jeshi lake mabadiliko, akalipa mikuki mirefu ya mita tano hivi, akateka migodi ya dhahabu, akaoa mabinti wa wafalme jirani, na palipokuwa na mji wenye viongozi wapenda hongo, alituma fedha kabla ya askari. Alimeza mji mmoja baada ya mwingine. Athens ilikuwa ikiamka, ikipiga kelele, ikituma merikebu zikichelewa, kisha ikilala tena.

Mnamo mwaka wa 351 K.K. Demosthenes alitoa hotuba yake ya kwanza dhidi ya Philip. Ukiisoma utashangaa, kwa maana Philip mwenyewe hashambuliwi sana. Wanaoshambuliwa ni wasikilizaji! Anawaambia kwamba Philip hakukua kwa nguvu zake bali kwa uzembe wao. Kwamba hata akifa leo, uvivu wao utaumba Philip mwingine. Anawafananisha na bondia mshamba ambaye akipigwa shavuni huweka mkono shavuni, akipigwa kwingine mkono unafuata huko, lakini kukinga hajui. Baada ya kuwachoma hivyo, anatoa hesabu: jeshi la kudumu la askari wa miguu 2,000, na kati yao 500 wawe wananchi wenyewe, wapanda farasi 200, na kati yao 50 wawe wananchi, gharama ni talanta 90 na kidogo. Wasemaji wengi wa siku zile walidai majeshi ya makumi ya maelfu ambayo hayakuonekana isipokuwa katika makaratasi. Yeye alidai jeshi dogo, lakini akamtaka msikilizaji awe ndani yake. Hilo halikupendeza. Hakuna ushahidi kwamba pendekezo lile lilipita.

Ilikuwa vigumu zaidi kuhusu fedha za sherehe. Athens ilikuwa na mfuko maalumu wa kuwagawia wananchi fedha ili wahudhurie michezo ya kuigiza na sikukuu, na sheria ilikataza kuupeleka vitani. Philip alipouzingira mji wa Olynthus mwaka wa 349 K.K., Demosthenes alitoa hotuba tatu akiomba msaada utumwe. Katika hotuba hizo anaukaribia mfuko ule kama mtu anayekaribia mzinga wa nyuki. Mara anasema fedha zipo ila wao hupenda kuzitumia vingine. Mara anasema yeye hapendekezi lolote. Mara anaomba sheria zenye madhara zifutwe na wale wale waliozitunga. Kila mtu alijua anazungumzia nini. Msaada ulitumwa kidogo na kwa kuchelewa. Mwaka wa 348 K.K. Olynthus ulianguka, Philip akaubomoa na watu wake wakauzwa utumwani. Fedha za sherehe zilikuja kuelekezwa vitani mwaka wa 339 K.K., yaani miaka tisa baada ya Olynthus kuwa magofu.

Mwaka wa 346 K.K. Athens ilitafuta amani. Wajumbe kumi walikwenda Pella, mji mkuu wa Philip, na Demosthenes na Aeschines walikuwemo. Huyu Aeschines alikuwa amewahi kuwa karani na mwigizaji, mwenye sauti nzuri ya kuzaliwa nayo, asiyehitaji kokoto wala mawimbi. Yeye ndiye anayesimulia kwamba zamu ya Demosthenes ilipofika, baada ya kujigamba njiani, alianza kwa kigugumizi, akasahau, akanyamaza. Philip alimtia moyo ajikusanye aanze upya, lakini wapi! Tukumbuke anayesimulia ni adui. Hata hivyo mimi nakiamini kisa hiki, pengine kwa sababu nami najua ukimya ule ulivyo.

Amani ile ilikuwa ya mashaka. Demosthenes alimshtaki Aeschines kwa usaliti mwaka wa 343 K.K., naye akaponea chupuchupu. Philip akaendelea kusogea. Mwaka wa 341 K.K. ikaja hotuba ya tatu dhidi ya Philip, ambayo wengi huihesabu kuwa kali kuliko zote mbili zilizotangulia. Sisi darasani hufundishwa swali la balagha kama tamathali ya kujazia insha. Katika hotuba hii maswali ya namna hiyo yanakuja mfululizo kama mawe ya kombeo, na kila moja linamlazimisha msikilizaji ajijibu moyoni jibu ambalo hapendi kulitaja.

Kisha ikaja ile jioni ya mwaka wa 339 K.K. Demosthenes mwenyewe aliisimulia baadaye, na ni kipande ambacho wanafunzi wa ufasaha wamekisoma kwa zaidi ya miaka 2,000. Mjumbe alifika Athens na habari kwamba Philip ameuteka mji wa Elateia, ulio kwenye njia ya kuja kusini. Viongozi wa zamu walikuwa mezani wakila. Waliacha chakula, wakawaondoa wachuuzi sokoni, vibanda vikatiwa moto, tarumbeta ikaitwa, mji mzima ukajaa fujo. Kulipopambazuka watu walikuwa wameketi kilimani tayari. Habari zikasomwa. Mtangazaji akauliza ni nani anataka kusema. Kimya. Akauliza tena na tena. Majemadari wote walikuwepo, wasemaji wote walikuwepo. Hakusimama mtu.

Akasimama Demosthenes. Alichopendekeza kilikuwa cha ajabu: watume wajumbe Thebes, mji uliokuwa adui wao wa miaka mingi, wauombe urafiki bila kuuwekea masharti yoyote. Walikubali. Yeye mwenyewe akaongoza ujumbe, akakuta wajumbe wa Philip wameshafika Thebes na ahadi nono. Akawashinda kwa maneno, na Thebes ukaingia upande wa Athens.

Majeshi yalikutana Chaeronea mwaka wa 338 K.K. Upande wa Makedonia, kijana Alexander, mwana wa Philip, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa na sehemu yake ya kuongoza. Wagiriki walivunjwa. Wananchi wa Athens zaidi ya 1,000 waliuawa na wengine 2,000 wakatekwa. Demosthenes alikuwepo akiwa askari wa kawaida, na alikimbia pamoja na waliokimbia. Maadui zake hawakuacha kumkumbusha. Plutarch anaeleza kwamba usiku ule Philip alilewa, akapita kati ya maiti akiimba maneno ya mwanzo ya azimio la Demosthenes huku akipiga miguu kufuata mapigo. Pombe ilipomtoka, alitetemeka akiwaza juu ya mtu aliyeweza, kwa sehemu ya siku moja, kumlazimisha ahatarishe ufalme wake na roho yake.

Na Athens je? Mji uliopoteza watoto wake ulimchagua nani kutoa hotuba ya mazishi? Ulimchagua Demosthenes. Hilo peke yake lingetosha kunifanya niandike makala haya.

Philip aliuawa mwaka wa 336 K.K. Demosthenes alijitokeza hadharani amevaa shada la maua, ilhali binti yake alikuwa amefariki siku saba tu kabla. Aeschines alimlaumu kwa ukatili, Plutarch akamtetea; mimi inanichukiza. Mwaka uliofuata Thebes iliasi, na Alexander akaifuta: watu 6,000 waliuawa na 30,000 wakauzwa. Demosthenes alikuwa amewapelekea silaha, lakini jeshi la Athens halikwenda.

Kesi kubwa ilikuja mwaka wa 330 K.K. Miaka sita nyuma, mtu aitwaye Ctesiphon alikuwa amependekeza Demosthenes avishwe taji la dhahabu kwa utumishi wake. Aeschines alimshtaki Ctesiphon kwa kuvunja sheria, lakini aliyelengwa alijulikana. Watu walimiminika kutoka sehemu nyingi za Ugiriki kusikiliza. Kisheria Aeschines alikuwa na hoja nzito: ofisa hakuruhusiwa kuvishwa taji kabla hesabu zake hazijakaguliwa, na Demosthenes alikuwa bado ofisini. Sasa tazameni alivyofanya. Alianza kwa kuwaomba miungu, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Akaingia katika habari ndefu za nchi na za Philip. Zile hoja za sheria akazisukumia katikati, akazipitia upesi, akatoka. Ujanja? Ndiyo, ni ujanja, na ajifunzaye balagha aujue ili asije akafanyiwa.

Lakini moyo wa hotuba ile si ujanja. Aeschines alikuwa amewaambia: huyu ndiye aliyewaletea Chaeronea. Demosthenes angeweza kulaumu majemadari, au bahati, na kwa kiasi fulani alifanya hivyo. Kisha akaenda mbali zaidi. Alisema hata kama yote yaliyotokea yangejulikana tangu mwanzo na watu wote, hata kama Aeschines mwenyewe angetabiri kwa sauti kuu, bado mji usingepaswa kufuata njia nyingine, kama ulijali heshima yake na mababu zake na vizazi vijavyo. Akaapa kwa wale waliosimama Marathon na Salamis kwamba wananchi hawakukosea kupigania uhuru wa wote. Sikilizeni vizuri: waliopigana Marathon na Salamis walishinda, wa Chaeronea walishindwa, na yeye kwa makusudi hataji ushindi. Anawaweka wote katika kaburi moja la heshima. Mbele yake walikuwa wameketi watu wa mji ambao karibu kila mtaa ulimpoteza mtu Chaeronea. Je, mzazi kama huyo angepiga kura ya kusema mwanangu alikufa kwa upuuzi?

Hapa ndipo nilipopata jibu langu, nalo limeniacha na wasiwasi. Je, aliwaambia ukweli, au aliwaambia kitu ambacho hawangeweza kuvumilia kukikataa? Aristotle, ambaye naye alizaliwa mwaka ule ule wa 384 K.K. na aliyekuwa mwalimu wa Alexander, ameandika kwamba ushawishi hutoka mahali patatu: katika tabia ya msemaji, katika hisia za wasikilizaji, na katika hoja zenyewe. Katika hotuba ya taji vyote vitatu vimesukwa kama ukili, huwezi kuvuta mmoja usivute mwingine. Lakini naona uzito mkubwa uko kwa kile cha kwanza. Mtu huyu aliwatukana kwa uvivu wao miaka 20, akawaomba fedha walizozipenda, akasimama siku ambayo hakuna aliyesimama. Aliposema hakukosea, wengi walijua hakuwahi kuwabembeleza. Aeschines hakupata hata sehemu moja ya tano ya kura. Alitozwa drakma 1,000, akaihama Athens, na inasemekana alikwenda kufundisha ufasaha kisiwani Rhodes.

Ningependa maisha yake yaishie hapo, lakini hayakuishia. Mwaka wa 324 K.K. Harpalus, mtunza hazina wa Alexander, alitoroka na mali nyingi akakimbilia Athens. Fedha, zilizosemwa kuwa talanta 700, ziliwekwa kilimani Acropolis. Zilipohesabiwa, nusu haikuonekana. Demosthenes mwenyewe alipendekeza uchunguzi ufanywe, na uchunguzi ukasema alichukua talanta 20. Watu walisimulia kwamba asubuhi moja alikuja mkutanoni amejifunga shingo kwa sufi, akidai koo linamuuma na hawezi kusema. Wachekeshaji wakasema kilichomkaba ni fedha. Alitozwa talanta 50, akafungwa, akatoroka. Kama kweli alikula mlungula ule, wanahistoria wanabishana hadi leo. Siku zake za uhamishoni alikaa Troezen na Aegina akiutazama upande wa Athens kwa machozi.

Alexander alifariki Babylon mwaka wa 323 K.K., na miji ya Ugiriki ikainuka. Demosthenes, ingawa amefukuzwa, alizunguka na wajumbe wa Athens akiihimiza miji ijiunge. Wananchi wakamtumia merikebu imrudishe, wakashuka bandarini kumlaki. Faini yake haikuweza kufutwa kisheria, basi wakabuni njia: wakampa talanta 50 kwa kazi ya kuandaa madhabahu moja ya sikukuu, azitumie kulipia faini! Furaha haikudumu. Mwaka wa 322 K.K. Wagiriki walishindwa tena, na Antipater, mtawala wa Makedonia, akataka wasemaji waliompinga. Mkutano ule ule uliomlaki ukapitisha hukumu ya kifo, kwa pendekezo la msemaji mwenzake Demades.

Alikimbilia kisiwa cha Calauria, akaingia katika hekalu la Poseidon. Aliyetumwa kumkamata aliitwa Archias, mtu aliyewahi kuwa mwigizaji wa tamthilia. Archias alisimama mlangoni akamtolea ahadi tamu za kumtoa nje. Demosthenes, aliyejua kazi ya maneno kuliko yeye, hakushawishika hata kidogo. Aliomba muda aandike barua kwa jamaa zake, akaingia ndani, akaitafuna kalamu yake ya mwanzi kama alivyozoea akifikiri, na ndani yake palikuwa na sumu. Akajifunika kichwa. Askari wakamcheka kwamba ni mwoga. Alipohisi sumu inaenea, aliomba ashikwe atolewe, asije akafia mahali patakatifu. Alipoipita madhabahu, akaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 62. Aristotle alifariki mwaka huo huo.

Miaka 42 baadaye, mnamo 280 K.K., Athens ilimtengenezea sanamu ya shaba, kwa pendekezo la mpwa wake Demochares. Sanamu ya asili imepotea, ila nakala za mawe zilizochongwa zamani za Warumi zipo. Zinamwonyesha mtu mwembamba, uso umekunjamana, mikono miwili imeshikana mbele yake, vidole vimefumbatana. Plutarch anasimulia kwamba askari mmoja, aliyeitwa na mkubwa wake kwenda kujibu mashtaka, alikuwa na vipande vichache vya dhahabu na hakuwa na mtu wa kumwamini. Aliviweka katika mikono ile ya shaba akaenda zake. Kando yake palikuwa na mti, na majani yakaanguka yakavifunika. Aliporudi siku nyingi baadaye, alivikuta vyote, hakuna kilichopungua. Habari ilipoenea mjini, watunzi wa mashairi walianza kushindana kutunga beti juu ya mikono ya Demosthenes na dhahabu ambayo haikuigusa.